Safari ya Tanga: Kasha la muziki lililomrudisha Baba kwenye mazoezi

Basi lilipotoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis saa 12 asubuhi, mwanangu wa miaka minne alikuwa ameshalala mapajani kwangu. Mimi sikuwa na usingizi. Usiku wa jana yake Mama alinipigia simu kutoka Tanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Baba yako amekataa mazoezi. Njoo umwambie wewe, mimi nimeshindwa."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kiharusi nimekiandika zaidi ya mara moja. Dalili zake nazijua kwa kichwa: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama au kutoka bila kueleweka. Ukiona hata moja, mgonjwa apelekwe hospitali dakika hiyohiyo. Kama chanzo ni damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Haya yote nimeyaandika kwa wasomaji, lakini sikuwahi kumwambia Mama.

Miezi saba iliyopita Baba aliamka mkono wa kulia ukiwa hauna nguvu. Mama akadhani ameulalia. Akamkanda kwa mafuta ya nazi, akampikia uji, akasubiri. Wakati huo nilikuwa kwenye semina, simu nimeizima sauti. Nilipoitazama saa sita mchana nilikuta amenipigia mara nne. Baba alifika hospitali alasiri.

Kwa hiyo safari hii haikuwa ya mapumziko, ingawa ofisini niliomba likizo ya wiki mbili. Nilikuwa naenda kulipa deni.

Barabara ya machungwa na mkonge

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350. Unapita Chalinze, unavuka Wami kwenye daraja jipya, unaipita Mkata, na pale Segera barabara inagawanyika: wa Moshi na Arusha wanaendelea mbele, wa Tanga wanashika kulia. Baada ya Hale mwanangu aliamka akaanza kuuliza yale mananasi makubwa ni ya nani. Nikamwambia si mananasi, ni mkonge.

Mkonge ndio ulioijenga Tanga. Uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, na inasimuliwa kuwa katika miche aliyoagiza ni 62 tu iliyosalimika. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea bara. Mashamba yakaenea, watu wakaja kutoka kila upande kutafuta kazi, na waliokuja hawakuleta mikono mitupu. Walileta ngoma zao, na baadaye magitaa.

Muheza tulinunua machungwa kupitia dirishani. Mchana tukashuka Kange, tukachukua bajaji hadi nyumbani.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nilizaliwa huko na niliondoka kweli, lakini kila ninaporudi naona mji haukunisubiri wala haukunikimbia. Baiskeli bado ni nyingi. Barabara za Ngamiani bado zinaitwa kwa namba. Upepo wa bahari bado unaingia jioni, na majirani wanatoa viti nje.

Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani. Nikampa shikamoo. Akaitika kwa kichwa. Mpira laini aliopewa hospitali ili aufinye kwa mkono wa kulia niliukuta chini ya kitanda, umejaa vumbi.

"Kwa nini hufanyi, Baba?"

Akautazama mpira, akanitazama mimi. "Wa mtoto," akasema.

Kuku ametaga ndani ya amplifaya

Asubuhi ya pili Mama alikuwa anasafisha stoo ya nyuma. Alitoa boksi kubwa la mbao lililofunikwa reksini nyeusi iliyochanika, akaliweka kando ya jiko la kuni. Ndani yake kulikuwa na majani makavu, manyoya na mayai matatu.

Tangu utoto wangu nalijua boksi lile kama nyumba ya kuku. Kumbe si lolote bali kasha la amplifaya ya Baba. Miaka ya 1990 alizifungua spika na mitambo yake, akaifunga kwenye kanga kuukuu na kuiweka juu ya kabati la chumbani, mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa.

"Leo nalipasua," Mama akasema. "Mbao kavu hizi, nitapikia maharage."

Kutoka barazani tukasikia sauti: "Hilo si kuni."

Mama akasimama na shoka mkononi. Tangu augue, Baba alikuwa anatoa neno moja moja. Kiharusi kikishika upande wa kushoto wa ubongo, ambao huongoza mkono wa kulia, mara nyingi huharibu na usemi. Hilo lilikuwa neno la tatu mfululizo, na lilitoka bila kujikwaa.

Baba alipiga gitaa la kati kwenye bendi ya shamba la mkonge katika miaka ya 1970. Tanga ya wakati huo ilikuwa na majina makubwa: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, Black Star na Lucky Star kwenye taarabu. Bendi yao haikufika huko. Ilipiga Jumamosi kwa wafanyakazi wa shamba, na siku za sikukuu walipanda lori kwenda kupiga mjini.

Vyombo havikuwa vyao. Ndivyo ilivyokuwa kwa bendi nyingi za nchi hii: chombo ni cha mwenye bendi, awe mtu, klabu au taasisi, na mwanamuziki ni mfanyakazi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukiacha kazi, unaacha na gitaa. Lakini nyuzi za nailoni zilipochukua soko la mkonge na bei ikaanguka, shamba la kina Baba lilipunguza watu na bendi ikafa. Walikuwa wanadai mishahara. Kila mmoja akapewa chombo badala ya fedha, na Baba akaondoka na amplifaya juu ya baiskeli, kilo zaidi ya 30.

Ni Vox AC30. Nililisoma jina kwenye kibati kilichobaki. Zilikuwa zikitengenezwa Dartford, Uingereza, na zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ina spika mbili za inchi 12, na nguvu yake hutoka kwenye valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa vikipata moto. Wati zake ni kama 30, na ndiyo maana ya namba hiyo. The Beatles walizitumia. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bado ni wa Vox. Nilipomwambia Mama kuwa huyo ndiye aliyekuwa akimpigia gitaa Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliitupa shoka chini. "Basi kuku atafutiwe kwingine," akasema.

Kabla ya kuligusa kasha nilimfukuza mtoto. Kinyesi cha ndege kilichokauka kinaweza kubeba vimelea vya fangasi vinavyoingia mapafuni ukivuta vumbi lake. Nikavaa barakoa na glavu, nikanyunyiza maji yenye sabuni kwanza, ndipo nikakwangua. Usifagie kinyesi kikavu cha kuku. Kilowanishe.

Karakana ya Ngamiani

Tulikwenda kwa bajaji, Baba mbele na dereva, mimi nyuma nimelikumbatia boksi. Karakana ya seremala ilikuwa chini ya mwembe, imeezekwa bati, imejaa vitanda ambavyo havijapakwa vanishi. Fundi, mtu wa miaka 50 hivi, alimwamkia Baba, akaligeuza boksi huku na huku, akaligonga kwa kidole.

"Mzee, hili limekufa. Nikupigie jipya la MDF, keshokutwa unachukua."

Baba akatikisa kichwa.

"Kwani MDF ina ubaya gani?" nikauliza.

Fundi akacheka. "Dada, kwa pwani hii? Ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai. Ila ni rahisi." Kisha akainama, akachungulia ukingo wa ubao mahali reksini ilipobanduka. "Hii ni plaiwudi ya zamani. Tazama karatasi zake, moja imelala, moja imesimama. Ndiyo maana imebeba uzito miaka yote."

Akatuonyesha magonjwa yake, na mimi nikaandika kama ninavyoandika ya daktari. Chini kulia maji yalikuwa yameingia, tabaka za plaiwudi zikaachana. Upande wa kushoto mchwa walikuwa wamekula kipande cha upana wa kiganja. Maungio mawili ya pembe yalikuwa yanacheza. Vishikio vitatu vya ngozi vya juu vilibaki kimoja, na kitambaa cha mbele kinachofunika spika kilikuwa kimekwisha kabisa. Vitundu vya kutolea joto vya juu vilikuwepo vyote vitatu.

Kisha fundi akasema mgongoni ataziba kwa ubao, panya wasiingie.

"Hapana," Baba akasema. Akaunyosha mkono wa kushoto, akaupeleka mbele na nyuma, mara mbili, kama mtu anayepumua.

Fundi alielewa kabla yangu. "Inapumua kwa nyuma?"

Baba akaitikia. Valvu hutoa joto kali. Ukiziba mgongo unazichoma. Na sauti ya amplifaya ya namna hii hutoka mbele na nyuma pia. Ukilifunga kasha unapata sauti nyingine.

Walipatana hivi: fundi atakata, ataunga na kubana. Kazi ya msasa ataifanya Baba.

Mkono unaojificha

Siku ya kwanza Baba alisugua kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia ameuweka pajani. Fundi akamtazama kwa muda.

"Mzee, huo mwingine unaufuga?"

Nilishtuka. Nyumbani hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Fundi akaokota kipande cha mninga, akakizungushia karatasi ya msasa, akapigilia vijiti viwili juu yake kama vishikio vya baiskeli. Mkono wa kulia wa Baba akaufunga kwenye kijiti kwa kitambaa laini, bila kuukaza. "Huu wa kushoto ndio dereva. Huu wa kulia ni abiria. Lakini abiria naye asafiri."

Jioni nilimpigia simu mtaalamu wa tiba ya viungo ninayemfahamu Dar es Salaam. Alicheka sana. Alisema vitu kama hivyo wanavyo hospitalini: ubao wa mteremko na kishikio cha mikono miwili, mgonjwa anausukuma juu na kuurudisha. Kinachosaidia ubongo kujifunza upya ni kurudia kitendo mara nyingi, na kitendo chenye maana kwa mgonjwa kinamvuta kukirudia kuliko kufinya mpira. Akanipa na maonyo. Tusiuvute mkono uliolegea, bega huteguka. Akisikia maumivu begani, aache. Na kabla ya yote, apimwe presha.

Presha tukaipima kwenye zahanati ya jirani. Ilikuwa juu sana. Tulipombana, ikajulikana kuwa vidonge alikuwa akivinywa siku anazojisikia vibaya tu. Na presha ya juu mara nyingi haina dalili, unaweza kujisikia mzima huku mishipa inaumia. Daktari akampangia upya dawa na kutueleza kuwa ni za kila siku. Mama akabandika kalenda ukutani. Kila kidonge, alama moja ya kalamu. Msasa ukasubiri siku mbili hadi presha ishuke.

Ubao uliorudi kwa baiskeli

Siku yetu ya nne karakanani Baba alitaka kufungua skrubu ya mwisho mwenyewe. Bisibisi ikamponyoka mkono wa kulia. Akaiokota, ikamponyoka tena. Vijana wa karakana wakainamisha macho, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza. Wangecheka ingekuwa afadhali.

Kesho yake hakutoka chumbani. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza habari za ubongo na mishipa, jinsi unavyoweza kujenga njia mpya. Nilisema vizuri, kama kwenye makala. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akajigeuza ukutani. "Haina..." akasema, neno la pili likakataa kutoka.

Saa nne asubuhi kijana wa karakana alifika kwa baiskeli. Nyuma amefunga ubao wa mbele wa kasha, ule wenye matundu mawili ya spika. "Fundi anasema mzee aangalie upande wa ndani, asije akafuta kitu."

Kulikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia lakini yanasomeka. Safu ya herufi mbili mbili, na mbele ya kila moja namba: 2, 5, 1/50, 3. Baba akakaa. Akapitisha kidole cha kushoto juu ya safu ile, polepole, akafika mwisho, akaanza kucheka. Alicheka hadi Mama akaja mlangoni.

Yalikuwa madeni. Siku za lori, mmoja wao alikuwa akiwanunulia wenzake soda na sigara, na mwandishi wa madeni alikuwa Baba, kwa sababu ndiye aliyemaliza darasa la saba. Maelezo hayo alitupa kwa vipande, robo saa nzima, Mama akimsaidia neno moja hapa na jingine pale. Aligusa herufi nne kati ya sita akasema, "Huyu kafa." Alipofika kwenye namba kubwa kuliko zote, 5, akajigonga kifua. Ilikuwa ya kwake.

Mchana akavaa viatu.

Namna kasha lilivyopona

Kwa mzazi mwenye redio au amplifaya ya mzee nyumbani, hizi ndizo hatua tulizofuata.

Reksini kuukuu tuliibandua polepole, vipande vikubwa tukavitunza kuwa vielelezo vya kukatia mpya. Tabaka zilizoachana fundi alizifungua kwa kisu chembamba, akaingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akazibana kwa vibao na mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli. Tanga hiyo haikosekani. Vikakaa usiku kucha. Sehemu ya mchwa aliikata hadi kwenye mbao nzima, akapachika plaiwudi ya unene uleule. Matundu ya misumari aliziba kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi.

Baba alianza na msasa namba 80, akafuata 120, akamalizia 180. Kila alipobadilisha alipitisha kiganja kuhisi mikwaruzo. Kwanza kwa kushoto. Kuelekea mwisho wa wiki ya pili nilimwona anajaribu kwa kulia, ingawa vidole havikunyooka vyote. Upande wenye madeni haukuguswa.

Vumbi la mbao si la kuchezea. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake, kwa wanaolivuta miaka mingi. Nilinunua barakoa za kutosha na nyingine nikawaachia vijana wa karakana. Mwanangu alipewa kazi ya mbali: kulowanisha vitambaa vya kufutia kwenye ndoo.

Reksini mpya tulinunua kwa mafundi wa masofa. Gundi ilikuwa ile kali ya mafundi viatu. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke kidogo, ndipo unabandika. Harufu yake inalewesha na kuumiza ubongo, kwa hiyo tulifanyia nje kwenye upepo, kopo likafungwa na kupandishwa juu mara tu kazi ilipokwisha. Mzazi, kopo la gundi litunze kama unavyotunza dawa.

Kitambaa cha mbele ndicho kilitutesa. Cha awali kilikuwa cha kahawia chenye umbo la almasi, Tanga nzima hatukukipata. Fundi akasema chochote kitafaa mradi ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi ipite. Tulipuliza vitambaa vya maduka matatu, wauzaji wakatushangaa. Mwishowe Mama akaleta gunia jembamba la katani, limefuliwa na kupigwa pasi. Baba akalipuliza. Akacheka tena. Mtoto wa mkonge amerudi kwenye mkonge.

Vishikio viwili vilivyokosekana alivishona fundi viatu.

"Punguza!"

Mitambo tulimpa fundi redio mzee, na hapo naomba tusikilizane. Amplifaya ya valvu ina umeme wa zaidi ya volti 300 ndani yake, na kapasita zake zinaweza kutunza umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtoto au mzazi mdadisi anaweza kufa. Kasha unaweza kulisugua mwenyewe, lakini mitambo aitoe fundi. Yeye alibadilisha kapasita zilizozeeka na valvu moja iliyokufa, kisha alipoiwasha mara ya kwanza aliunganisha balbu katikati ya waya wa umeme, ili kama kuna hitilafu balbu iwake kabla mtambo haujaungua. Balbu iling'aa, ikafifia. Akatabasamu.

Jioni ya kuamkia siku yangu ya kuondoka kasha lilikuwa sebuleni, jeusi, limesimama sawasawa. Kijana wa jirani alituazima gitaa. Valvu zilichukua kama nusu dakika kupata moto. Tuliziona kwa nyuma zikianza kuwa nyekundu.

Mwanangu alitaka kukaa mbele ya spika. Nikamvuta hadi upande wa pili wa chumba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 100, muda salama ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango cha saa 40 hushuka hadi desibeli 75. Sikio la kushoto la Baba, lililokuwa upande wa amplifaya miaka yote ile, halisikii vizuri tangu mimi nikiwa mdogo.

Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye nyuzi, vidole vikapanga kama vilivyozoea. Wa kulia aliuinua kwa kuusaidia na goti. Kidole gumba kikaanguka juu ya nyuzi, zote sita kwa pamoja.

Hakukuwa na wimbo. Alipiga mara tatu, na mara ya tatu ilichelewa. Kisha akaacha, akaweka kiganja cha kulia juu ya kasha, kusikiliza mtetemo ukiisha.

Kutoka jikoni Mama akapiga kelele: "Punguza!"

Baba akanigeukia, jicho linacheka. Nadhani ndivyo alivyokuwa akiambiwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Nisikudanganye, msomaji. Baba hajapona. Shati bado anafungiwa vifungo na Mama, na maneno bado yanamkimbia akichoka. Sijui atafika wapi. Ninachojua ni kwamba alama za kalamu kwenye kalenda hazijaruka siku, na kwamba Mama sasa anazo dalili za kiharusi zimeandikwa kwa herufi kubwa kando ya kalenda hiyo, pamoja na namba za majirani wawili wenye magari. Hilo nililifanya kabla ya kufunga begi. Fanya na wewe leo, kwa wazazi wako, usisubiri semina iishe.

Tulipofika Chalinze simu ililia. Alikuwa Baba mwenyewe. Mama amempigia namba akamwachia simu. Nilisikia pumzi, nikasikia kuku nyuma yake, nikajizuia kumtangulia neno.

"Msasa," akasema. Akatulia. "Themanini. Umekwisha."

Nikamuuliza wa kazi gani tena, na kasha limeshakamilika.

"Boksi," akasema. "La kuku."